Mwaka Moto wa Bibi Anasia Ulipozimwa

Jumamosi iliyopita tulimzika Elirehema. Nilikuwa nyuma ya nyumba pamoja na akina mama wengine, tunamenya ndizi za chakula cha waombolezaji, mikono imeshakuwa myeusi kwa utomvu, na kule mbele katibu wa usharika anasoma wasifu wa marehemu kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Akasoma shule aliyosoma, akasoma kahawa aliyolima na watoto aliowalea. Hakusoma kwamba marehemu aligombea uzee wa kanisa mara mbili na mara zote mbili akanyimwa kura. Mama mmoja pembeni yangu, mgeni aliyeolewa huku juzi juzi, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu si ndiye yule aliyezima moto wa mama yake?" Mwenzake akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiye huyo huyo. Nyumba ya asili ikaoza, bibi wa watu akafa na uchungu. Haya, Mungu amsamehe." Wakaendelea kumenya, na mimi nikaendelea kumenya. Nina miaka arobaini na sita, ni mwalimu mkuu, nimeshasimama mbele ya wazazi wakorofi na wakaguzi wenye makeke bila kutetemeka, lakini pale kwenye kigoda sikuweza kufungua mdomo kusema kwamba moto ule sio Elirehema aliyeuzima. Ndoo aliishika yeye, ni kweli. Lakini niliuzima mimi, kwa kalamu ya bluu, nikiwa na miaka ishirini na nne, na yeye akabeba jina hadi kaburini.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nasubiri ajira, na Mchungaji akanichukua niwe karani wa usharika. Ofisi ilikuwa chumba cha kwanza kushoto katika nyumba ya zamani ya wamisionari, kuta za mawe nene kiasi kwamba dirishani paliwekwa birika, vikombe na madaftari ya ubatizo na bado pakabaki nafasi ya kuegemea kiwiko. Sakafu ya mbao ililia kila ulipokanyaga, dari ilinuka popo, na mvua ikinyesha nilijua bila kutazama ni wapi pa kuweka beseni. Saa nne mke wa Mchungaji aliniletea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, nakula huku nasikiliza mambo yasiyonihusu, maana mlango kati ya ofisi na sebule ulikuwa hauna kitasa. Mambo yenyewe yalikuwa yale yale kila wiki: wazee wa kanisa walitaka kanisa la mawe libomolewe. "Mchungaji, tunabanana humo kama kuni," mmoja alikuwa anasema. "Tubomoe, tujenge kanisa la maana, hata watu wa Dar wakija Krismasi wasione aibu." Mchungaji alikuwa mtu mpole, lakini kwa hilo sauti ilimpanda. "Babu zenu walibeba mawe hayo kichwani kutoka mtoni," aliwajibu, "na ninyi mnataka kuyafanya kokoto?"

Kwa hiyo watu wa mradi wa kuhifadhi majengo ya kale walipofika, Mchungaji aliwapokea kama malaika. Walikuwa wawili, Bwana Fidelis, mtaalamu aliyevaa shati jeupe hata siku za kupanda makorongo, na binti mmoja mwenye kamera. Walieleza kwamba jengo likishaingia kwenye orodha haliguswi. Hakuna wa kulibomoa wala kulibadilisha, na mradi utasaidia kulitunza. Wakaandika kanisa, wakaandika mnara wa kengele, wakaandika nyumba ya wamisionari na lile beseni langu likiwa katikati ya sakafu. Kisha Bwana Fidelis akafunga daftari, akasema orodha ya usharika haikubaliki ikiwa na majengo ya Wazungu peke yake. Sharti pawe na nyumba moja ya wenyeji, ya asili, iliyosimama. Mchungaji akanigeukia. Mlimani kote kwetu kila mtu alikuwa ameshajenga ya tofali na bati, na ile moja iliyobaki sote wawili tuliifahamu.

Nyumba ya Bibi Anasia ilikuwa ya msonge, nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, na mlango mfupi wa kukuinamisha upende usipende. Ukiingia macho yanakufa kwanza, halafu yanafufuka kidogo kidogo. Kulia kulikuwa na ng'ombe wawili na ndama mmoja, wanatafuna mgomba uliokatwakatwa. Kushoto kilikuwa kitanda cha Bibi, na katikati mafiga matatu na moto ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, haukuwahi kuzimika tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Alipotoka aliufukia kwa majivu, aliporudi aliufukua. Juu ya moto palikuwa na dari ya fito za kukaushia kuni na kuivishia ndizi, na moshi wote ulipanda huko na kutokea kwenye nyasi polepole, hata asubuhi ukiwa barabarani ungedhani nyumba nzima inachemka. Hatua kumi pembeni mwanawe Elirehema alikuwa amemjengea nyumba ya tofali, vyumba viwili, sakafu ya saruji. Bibi aliishukuru sana nyumba hiyo, akaitumia kuhifadhi viatu vya kanisani na mbegu za maharage. Elirehema alikuwa mtu wa kusema kilicho moyoni: mama akishaondoka, ile ya nyasi inabomolewa na pale panapandwa kahawa. Alisema hivyo mbele ya mama yake, akicheka, kama watoto wanavyotaniana na wazee wao, lakini Bibi hakulichukulia kama utani.

"Mimi nikifa," aliniambia siku ya kwanza niliyomwendea, "hata majivu hayajapoa atakuwa ameshaleta panga. Nyumba alimozaliwa yeye mwenyewe!" Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, macho yananitoka machozi kwa moshi, bakuli la kiburu mapajani, yale maharage na ndizi zilizochemshwa pamoja mpaka havijulikani kipi ni kipi. Alinimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, akanitazama mpaka nikameza. "Nataka nifie humu," akasema. "Sijaomba kitu kingine." Nikaona nimepewa nafasi ya kutenda wema mkubwa kwa kazi ndogo. Nikamtolea karatasi. "Bibi, ukiweka dole gumba hapa, hakuna wa kuibomoa. Hata Elirehema. Ni sheria."

"Hata nikishakufa?"

"Hata ukishakufa."

"Na wao wanataka nini kwangu?"

"Hawataki kitu, Bibi. Wanataka ibaki ilivyo."

"Ilivyo," akarudia, akageuza kuni moja kwa mguu. "Basi hao ni watu wazuri. Lete hiyo karatasi."

Fomu ilikuwa na kurasa sita na niliijazia ofisini, peke yangu, kwa mwandiko niliokuwa najivunia. Ukurasa wa nne uliuliza kama ndani ya jengo huwashwa moto na kama ndani yake hulala mifugo. Hapo kalamu ikasimama. Chuoni kulikuwa na msichana mmoja wa mjini aliyeniuliza mbele ya bweni zima kama ni kweli kwetu mlimani watu wanalala na ng'ombe. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikana haraka, nikasema hayo ni mambo ya zamani sana, na tangu siku hiyo nikawa naosha nguo zangu za likizo mara mbili ili zisinuke moshi. Sasa nikamwona Bwana Fidelis na shati lake jeupe anasoma ukurasa wa nne. Nikawaza atatuonaje. Nikawaza pia kwamba anaweza kukataa nyumba yenye moto na samadi, na kanisa likapotea kwa sababu hiyo, ingawa nisidanganye, hilo nililiwaza baadaye, ili nijipatie sababu nzuri. Nikaandika: Hapana. Upishi hufanyika jiko la nje. Mifugo ina banda lake. Siku ya kupiga picha nikamwomba Bibi awatoe ng'ombe wakapigwe jua na aufukie moto, nikisema moshi utaharibu picha. Akafanya yote bila kuuliza, na akavaa viatu vya kanisani.

Ilibaki saini ya mwanafamilia. Elirehema nilimkuta anapogolea mikahawa, koti kuukuu la kazi, mikono imejaa udongo. Yeye alikuwa anapoteza kitu kwenye fomu ile, maana kahawa yake haitapandwa tena pale, na alijua. Alikata tawi moja, akalitupa, kisha akasema, "Kama mama atalala usingizi, basi na ikae." Nikamwambia kuna maswali ya jiko na mifugo, kama angependa kuyasoma. Akajifuta mkono kwenye koti. "Aah, Aikande, wewe ndiye msomi. Andika unavyoona." Akaweka saini chini ya maneno yangu, kubwa na ya kujikongoja kama wanavyoandika watu walioacha shule mapema. Nimeshika kalamu nyekundu juu ya madaftari ya watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mtoto anayenikabidhi daftari bila wasiwasi ananikumbusha mkono ule unaofutwa udongo.

Mwezi wa tatu, kabla masika hayajaanza, mkuu wa Bwana Fidelis alikuja kukagua bila taarifa, mama mmoja mnene, mkali, mwenye miwani ya kamba. Aliinama akaingia kwa Bibi Anasia, akakaribishwa maziwa, na alipotoka alifungua faili palepale. Mchana huo huo tuliitwa kanisani, wazee wote, Mchungaji, Elirehema, na mimi na kitabu changu cha muhtasari. Mkaguzi akasema jengo hulindwa katika hali iliyoandikwa, na hapa imeandikwa hakuna moto, hakuna mifugo. Akasoma majibu yangu kwa sauti, neno kwa neno, na yalisikika vizuri sana chini ya dari ile. "Na mwana wa familia amethibitisha kwa saini," akamalizia. "Yupo?"

Elirehema akasimama, kofia mkononi. Watu wote walikuwa wanajua alivyokuwa akiitaka ile nyumba ianguke, na nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Akaichukua fomu, akaitazama. Kisha akanitazama mimi. Hakunikazia macho, alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikainamia kitabu, nikaandika tarehe, ambayo nilikuwa nimeshaiandika. "Saini ni yangu," akasema hatimaye. "Kama nimesema hivyo, basi nimesema." Mkaguzi akasema moto na ng'ombe viondoke wiki hiyo, la sivyo orodha nzima ya usharika inafutwa. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Amemzunguka mama yake, shetani huyu." Mchungaji, mtu mpole yule, akamshika Elirehema bega. "Tafadhali," akamwambia, "tusije tukapoteza kanisa kwa ajili ya mafiga."

Nilikuwepo Elirehema alipokwenda na ndoo. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na Bibi amekaa mlangoni anachambua maharage. "Unafanya nini, mwanangu?" akauliza. "Nimeagizwa, mama." Akampita, akainama, na tukasikia maji yanaunguruma kwenye makaa. Majivu meupe yakatokea mlangoni yakatua kwenye kilemba cha Bibi. Halafu Elirehema akawatoa ng'ombe, mmoja mmoja, na ndama akagoma ikabidi abebwe. Bibi alimwambia kwa Kichagga neno ambalo mama hamwambii mtoto, nami silirudii hapa. Tangu siku ile hakupokea chakula kutoka nyumba ya Elirehema. Mkamwana wake alileta mtori, ile supu ya ndizi, ukiwa unafuka, akauweka kizingitini, na jioni akauchukua ulivyo, umeganda utando juu.

Kitu ambacho hatukuandika popote, kwa sababu kila mtu mlimani alikijua na hakuna aliyewahi kukisema, ni kwamba nyumba ile ilisimama kwa moshi. Moshi ndio uliokausha nyasi usiku na mchana, moshi ndio uliofukuza wadudu bungua kwenye fito, na joto la ng'ombe ndilo lililozuia ukungu usipande kutoka chini. Masika yalipoingia nyasi zililoa na hazikupata cha kuzikausha. Kufika mwezi wa tano ndani kulikuwa na uyoga. Ukikaa kimya ulisikia bungua wanasaga miti, na unga wake ulimwangukia Bibi kitandani, anaukung'uta asubuhi, anaukuta tena jioni. Zamani paa likichoka majirani waliitana, wanawake wakashusha mizigo ya nyasi zilizokatwa Sanya Juu, wanaume wakapanda, pombe ya mbege ikanywewa, na kwa siku mbili nyumba ikawa mpya. Elirehema aliwaita majirani. Walikuja wachache, kwa kinyongo, na hata hao Bwana Fidelis aliwazuia: jengo linalolindwa halitengenezwi mpaka fundi wa mradi alipime. Nikaandika barua ya kumwomba fundi, nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Niliziandika vizuri sana. Fundi alikuja mwezi wa kumi, na upande wa ng'ombe ulikuwa umeshalala chini wiki moja kabla. Akapiga picha, akasikitika, akaondoka.

Bibi akahamia nyumba ya tofali, kati ya viatu na mbegu. Krismasi ndugu walipanda kutoka Dar na Arusha na magari yao, wakaikuta nyumba ya bibi yao imekuwa lundo la majani meusi, wakaulizana, na jibu lilikuwa limeshaandaliwa. Nilisikia likitolewa nje ya kanisa baada ya ibada, tena mbele ya Elirehema mwenyewe, aliyekuwa amesimama na wageni wake hana wa kumsalimia. Kanisa lenyewe tuliliokoa, kama kuokoa ndiyo neno. Mradi uliisha mwaka uliofuata na watu wake hatukuwaona tena. Wazee wakajenga kanisa kubwa kando yake, na lile la mawe, kwa vile haliruhusiwi kubomolewa wala hakuna wa kulitengeneza, linahifadhi viti vya plastiki vya harusi huku paa linatoboka. Mchungaji alihamishwa, akafariki huko alikohamia. Sijui kama aliwahi kujiuliza maswali. Mimi nilijiuliza kila nilipopita, na kujiuliza hakukunisaidia kitu.

Januari nilikata isale. Ni jani refu tu la kijani, liko kwenye mpaka wa kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, lakini kwetu ukimkosea mtu, ukamwendea nalo na kumkabidhi kwa mikono miwili, hawezi kukukatalia msamaha. Nilimkuta Bibi Anasia kitandani, amekonda, uso ameelekeza ukutani. Nikamsalimia shikamoo, nikapiga magoti kwenye saruji, nikalinyoosha kwake. Akageuka, akaliona jani kabla hajaniona mimi. "Ni mimi niliyeandika hakuna moto," nikamwambia. "Sio Elirehema. Yeye hakusoma." Kisha akatoa mikono chini ya blanketi, akalipokea.

"Kwa nini?" akauliza.

"Niliona aibu, Bibi."

"Aibu ya nini?"

"Ya ng'ombe. Ya moshi."

"Ulikuwa unakula humo," akasema. "Ulikula, ukaongezewa." Nilianza kulia, na hakunibembeleza. "Haya, nimekusamehe. Isale haikataliwi." Akaliweka jani kifuani, akapumua. "Leo mtori wa mke wake nitaunywa. Lakini Ruwa, Mungu wangu, ananiona, mimi nimemwambia mwanangu neno baya, na watu wamemwambia mabaya zaidi. Ukitoka hapa, kata lingine. Umpelekee Elirehema. Na sio nyumbani kwake kwa kujificha. Jumapili, ibada ikiisha, mbele ya watu wote, wakusikie na wao."

Nikamwambia, "Ndiyo, Bibi. Jumapili." Bibi Anasia alifariki kabla ya Pasaka, chini ya bati. Na mimi nimekaa benchi la nyuma ya Elirehema kwa miaka ishirini na mbili, kila Jumapili, nikikiangalia kisogo chake kinavyoota mvi.